Kilio kiko Bukavu, ombi liko Marekani: maswali yenu juu ya ruhusa ya safari

Wasomaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira hapa Bukavu wanatuuliza jambo moja kwa namna nyingi. Ndugu yuko ng'ambo, ombi lake la ukaaji halijajibiwa, na huku nyumbani kuna mgonjwa mahututi au kilio. Afanye nini ili aje na bado aweze kurudi? Tumechagua barua saba. Nyingi zinahusu Marekani, kwa hiyo majibu yanafuata sheria ya huko, isipokuwa pale tunapotaja nchi nyingine.

Wahariri, salamu. Kaka yangu yuko Ohio, ameoa Mmarekani na aliomba kadi ya kijani mwaka jana. Baba yetu amefariki Ijumaa usiku. Wazee wa familia wanasema apande ndege kesho, mambo ya karatasi yatapangwa akisharudi. Yeye anasita, na sasa wanasema amesahau kwao. Tumwambie nini? – Dada mtu, Kadutu

Pole sana dada, wewe na nyumba nzima. Mwambieni asipande ndege bado, na wazee waambiwe kwamba kusita kwake si kusahau kwao. Aliyeomba kadi ya kijani, yaani ukaaji wa kudumu, kwa fomu I-485 akitoka Marekani bila hati ya ruhusa ya kutoka na kurudi, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Hakuna barua ya kumwonya kwanza, wala nafasi ya kujieleza uwanja wa ndege. Wachache tu hawabanwi na sheria hiyo, kama wenye viza za kazi za H-1B au L-1 ambazo bado ni hai. Tena kuna ubaya mwingine nyuma ya huo. Ikiwa aliwahi kukaa bila hadhi halali zaidi ya siku 180, kutoka kwake kunaweza kumfungia mlango miaka 3. Ikiwa ni mwaka mzima au zaidi, ni miaka 10. Mtu aliyekimbilia mazishi anaweza kujikuta mbali na mke na watoto muda wote huo.

Hati anayohitaji watu wetu huiita paroli. Huombwa kwa fomu I-131 kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, na kwa njia ya kawaida huchukua miezi. Kwa msiba kuna njia ya dharura, na kaka yako aianze Jumatatu asubuhi.

Kabla ya yote, atoe kadi yake ya kazi mfukoni aisome. Kadi nyingine za watu wenye I-485 zimeandikwa chini namba I-512. Kama ipo, na tarehe ya kadi haijaisha, kadi hiyo yenyewe ndiyo paroli, na hana haja ya kuomba nyingine. Wapo wanaohangaika wiki nzima na hati wanayo.

Kama haipo, apige simu 800-375-5283. Wanapokea Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku kwa saa za New York. Hapa Bukavu inaanzia saa nane mchana, na kuanzia Novemba hadi Machi saa tisa. Mashine itajibu kwanza. Aendelee kuomba kuzungumza na mtu, kisha aseme wazi: anaomba miadi ya dharura ya paroli katika ofisi ya mtaa wake, baba amefariki, mazishi ni tarehe fulani, anatakiwa kusafiri ndani ya siku 15. Muda huo wa siku 15 ndio mpaka wa njia hii. Akisema "mwezi ujao" watamrudisha kwenye foleni. Mara nyingi ofisa mwingine humpigia baadaye, na simu inaweza kuingia bila kuonyesha namba. Kwa siku hizo apokee kila simu, hata akiwa kazini.

Siku ya miadi aende na I-131 iliyojazwa na kutiwa sahihi, barua ya mapokezi ya I-485 (ile I-797), pasipoti na kitambulisho, picha mbili za sentimita 5 kwa 5 hata kama ofisi itampiga picha yenyewe, ushahidi wa msiba, ushahidi kwamba marehemu ni baba yake, na mpango wa safari. Ada ya paroli ni dola 630 tangu Aprili 2024, lakini aangalie orodha ya ada ya USCIS siku ileile anayolipa, na aulize kwenye simu wanapokea malipo kwa njia gani. Aangalie pia tarehe ya toleo chini ya ukurasa wa fomu, maana toleo la zamani hurudishwa hata kama limejazwa vizuri. Kama alikwisha kutuma I-131 miezi iliyopita na haijajibiwa, alete na barua ya mapokezi yake.

Sasa sehemu yenu, na hii ndiyo inayochelewesha watu kuliko simu. Ushahidi wote uko Bukavu. Hospitali itoe cheti cha kifo leo, kisha mtu aende komini kuanza akte ya kifo kwa ofisa wa hali ya raia. Msingoje akte ndipo mtume; cheti cha hospitali kitangulie, akte ifuate. Cheti kiwe kwenye karatasi yenye kichwa cha hospitali, jina kamili la marehemu, tarehe ya kufa, jina la daktari, sahihi, muhuri unaosomeka na namba ya simu. Muhuri uliofifia ni adui. Ombeni upigwe tena mahali peupe. Ongezeni barua ya parokia au ya familia yenye tarehe na mahali pa mazishi. Halafu akte ya kuzaliwa ya kaka yako, ile yenye jina la baba.

Hapo kwenye majina ndipo wengi wanakwama. Sisi tuna jina, postinomu na jina la ubatizo, na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Tuseme akte ya kuzaliwa inasema "Bahati Mushagalusa Jean", pasipoti inaweka Bahati peke yake kama jina la ukoo, na fomu za Marekani zimeandika Jean Mushagalusa. Kwa ofisa wa Ohio hao ni watu watatu. Kaka yako aandike karatasi moja fupi, ayapange majina yote jinsi yalivyo kwenye kila hati, aeleze kwamba ni mtu mmoja, atie sahihi. Afanye vilevile kwa jina la baba.

Kila karatasi ya Kifaransa au ya Kiswahili lazima iwe na tafsiri kamili ya Kiingereza. Mtafsiri si lazima awe wa mahakama. Aandike chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, kwamba anazijua lugha zote mbili vya kutosha, kisha aweke jina, anwani, tarehe na sahihi. Kaka yako asijitafsirie mwenyewe. Tafsiri ya "mambo muhimu tu" haikubaliki. Hata maneno ya kwenye muhuri hutafsiriwa.

Mnapotuma, pigeni picha mchana, karatasi imelala mezani, pembe zote nne zionekane. Kwenye WhatsApp itumeni kama faili. Ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa, na ule muhuri mlioupigania unageuka doa la wino.

Ofisa anaweza kutoa hati siku hiyohiyo, anaweza kudai karatasi zaidi, anaweza kukataa. Kwa hiyo tarehe ya mazishi isipangwe kwa kubahatisha. Zungumzeni na watu wa morgi, muwe na tarehe inayoweza kusogezwa siku chache, na tiketi isilipwe kabla hati haijawa mkononi, labda iwe ile ambayo pesa zake hurudishwa. Akishaipata asome jina, tarehe ya mwisho, na kama inaruhusu kurudi mara moja au zaidi. Asafiri na karatasi yenyewe. Fotokopi aiache kwa mke. Ajue pia kwamba paroli inamruhusu kufika mlangoni tena, na ofisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kumwingiza. Kama ana kesi ya polisi au alikamatwa wakati wowote, aone avoka (wakili) kabla ya kusafiri.

Mtoto wangu wa kike aliomba hifadhi Marekani, bado anangoja kuitwa. Mimi mama yake naumwa figo, na madaktari wanasema hali si nzuri. Nataka nimwone. Je, hiyo paroli inamfaa? – Mama wa Bagira

Pole mama, Mungu akupe nafuu. Paroli anaweza kuiomba, na ni lazima aiombe, maana mwenye ombi la hifadhi akitoka bila hiyo anahesabiwa ameacha ombi. Shida yake ni tofauti na ya yule wa Ohio, na tunakuomba uipime kwa utulivu. Yeye aliiambia serikali ya Marekani kwamba akirudi Kongo atapata madhara. Akirudi Kongo, hata akiwa na paroli halali mkononi, sheria inadhani kwamba ameliacha ombi lake, mpaka yeye athibitishe kwamba alikuwa na sababu nzito za kurudi. Ugonjwa wa mama unaweza kuwa sababu nzito. Lakini ofisa atauliza: ulilala wapi, ulipitaje mpakani, nani alijua umefika, na kama uliweza kukaa wiki mbili, hofu yako iko wapi? Mzigo wa kujibu ni wake.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba asiingie Kongo. Kama madaktari wanakubali usafiri, mkutane nchi nyingine. Wagonjwa wa Bukavu huvuka mto Ruzizi kwenda kutibiwa Kigali, wengine huenda Bujumbura au Kampala. Ila hapo pia atazame alichoandika. Kama ombi lake linasema wanaomtishia wana mkono hadi Rwanda, basi kwenda Kigali kutaleta maswali yaleyale, na Kampala au Nairobi itakuwa salama zaidi. Fomu I-131 inauliza nchi anazokwenda na sababu, na karatasi lazima zifanane na jibu. Akiandika Kampala, awe na barua ya hospitali ya Kampala inayokupokea.

Barua ya daktari wako isiseme tu "mgonjwa sana". Iseme ugonjwa, tangu lini, matibabu yanayoendelea (kama ni dialisisi, mara ngapi kwa wiki), hatari iliyopo, na kwa nini mtoto anahitajika sasa. Isiongezwe chumvi. Ofisa anaweza kupiga simu hospitali, na neno moja la uongo linaweza kuua ombi la hifadhi ambalo lilikuwa la kweli.

Kuna jambo moja linalobadilisha yote: kama kesi yake iko mbele ya hakimu wa uhamiaji, asisogee kabla ya kuonana na avoka. Mwenye amri ya kufukuzwa akitoka, amejifukuza mwenyewe. Asiye na pesa za avoka atafute mwakilishi wa shirika lililotambuliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani; wengi wao hutoza kidogo au hawatozi kabisa.

Ajulishwe pia juu ya pesa. Sheria ya Julai 2025 iliweka ada nyingine ya dola 1,000 kwa watu wanaoingizwa kwa paroli. Anayerudi safarini akiwa na ombi la kadi ya kijani ameachiliwa. Mwenye ombi la hifadhi peke yake aulize kabla ya kuondoka kama itamhusu.

Shemeji yangu alichukuliwa kambini Uganda akapelekwa Marekani kama mkimbizi. Kadi ya kijani bado. Naye anaomba paroli? – Msomaji wa Nyawera

Hapana, hati yake ni nyingine, ingawa fomu ni ileile I-131: aweke alama kwenye sehemu ya hati ya safari ya mkimbizi. Kwa mtu mzima ada ni dola 165 tangu Aprili 2024, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 ni dola 135. Hati hudumu mwaka mmoja. Aombe akiwa bado ndani ya Marekani na amalize kutoa alama za vidole kabla ya kuondoka.

Kuhusu kuja Bukavu kwenyewe, yaliyosemwa kwa mama wa Bagira yanamgusa naye. Mkimbizi anayerudi nchi aliyoikimbia, hasa kwa kutumia pasipoti ya nchi hiyo, anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi, na anaweza kupoteza hadhi yake. Hata kwenda ubalozini kuchukua pasipoti mpya ya Kongo ni jambo linaloweza kuulizwa.

Mdogo wangu amepata paroli. Tiketi nafuu inapita Brussels. Kuna ubaya? – Yaya mtu, Panzi

Upo, na wengi hawaujui mpaka wanafika kaunta. Pasipoti ya Kongo iko kwenye orodha ya nchi 12 ambazo raia wake huhitaji viza hata ya kupita tu ndani ya uwanja wa ndege wa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja: Brussels, Paris, Amsterdam, Frankfurt, zote. Mwenye kadi ya kijani ameachiliwa. Karatasi ya paroli si kadi ya kijani, na mtu wa kaunta ana haki ya kukurudisha. Ndugu yako apite Addis Ababa au Doha hadi Kigali, hata kama bei ni juu kidogo. Kutoka Kigali ni ndege ndogo ya Kamembe, au barabara ya saa tano au sita hadi Rusizi, kisha mpaka.

Wakati wa kurudi kampuni ya ndege itaidai paroli tena. Aiweke kwenye mzigo wa mkononi, asiikunje wala asiipige plastiki. Na arudi siku kadhaa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mpaka ukifungwa siku mbili au ndege ikiahirishwa, tarehe ya kwenye karatasi haisogei.

Mimi nilishatoka. Mama alifariki, sikujua habari za paroli, sasa niko Bukavu na ombi langu la kadi ya kijani liko Texas. Ninaweza kuiomba kutoka hapa? – Bila jina

Pole ndugu. Paroli ya namna hii haiombwi ukiwa nje, na hata kama ungekuwa umetuma I-131 ukaondoka kabla haijajibiwa, nayo ingehesabiwa imeachwa. Usijaribu kuingia kwa viza ya kitalii ukificha historia hii.

Kilichobaki ni kutazama aliyekuombea. Kama ni mume au mke Mmarekani, maombi yake ya I-130 yanaweza kubaki hai ingawa I-485 yako imekufa, na faili linaweza kuhamishiwa ubalozi wa Marekani Kinshasa ili uombe viza ya uhamiaji kutoka huku. Mara nyingi hilo hufanyika kwa fomu I-824. Hesabu kwanza siku zako za kukaa huko bila hadhi halali. Chini ya siku 180, adhabu ya miaka 3 haikugusi. Ikizidi hapo utahitaji msamaha, unaoombwa kwa fomu I-601, na kazi hiyo usiifanye peke yako. Leo hii kusanya tiketi, mihuri ya pasipoti, akte ya kifo cha mama na barua zote za USCIS, kabla karatasi hazijapotea.

Kuna bwana mmoja kwenye WhatsApp anasema kwa dola 1,500 anatoa paroli kwa siku tatu, yuko Kinshasa. Ni kweli? – Kijana wa Essence

Si kweli. Msimpe hata franga. Fomu hupakuliwa bure kwenye tovuti ya USCIS, ada hulipwa kwa USCIS, na miadi ya dharura ni bure. Hakuna wakala wa Kinshasa, Nairobi wala Dallas anayeweza kukaa kwenye kiti cha mwombaji mbele ya ofisa. Hati ya bandia ikishikwa uwanja wa ndege, tatizo linakuwa udanganyifu, na doa hilo halina mwisho wa miaka.

Nyinyi mnasema Marekani tu. Sisi tuna ndugu Uingereza na Afrika Kusini. – Baba watoto, Muhungu

Umetukumbusha vema, baba. Uingereza, aliyeomba ruhusa ya kukaa akiwa ndani ya nchi, kisha akatoka nje ya Uingereza na Ireland kabla ya jibu, ombi lake huhesabiwa limeondolewa siku aliyotoka. Hakuna hati ya kufanana na paroli ya kumwokoa, hata kwa kilio. Anachoweza kufanya ni kuomba jibu liharakishwe, aambatishe ushahidi wa msiba, na angoje.

Afrika Kusini, kibali cha mwomba hifadhi cha kifungu cha 22 hufa mwenye nacho akitoka nchini bila idhini ya waziri. Wanaopita mpaka wa Beitbridge usiku kwa basi wakidhani hawataonekana hugundua hilo siku ya kurefusha kibali, maana kutoka kwao kumeandikwa au muhuri wa Zimbabwe umo kwenye pasipoti. Ndugu huyo amwandikie kwanza ofisa wa kituo chake cha wakimbizi, aambatishe cheti cha kifo kilekile tulichokieleza juu, na angoje jibu la maandishi. Neno la mdomo la mlinzi wa getini si idhini.

Mkituandikia tena, semeni nchi aliko ndugu, aina ya ombi na tarehe ya barua ya mapokezi. Namba za faili na majina msitume.